ALAMA TISA ZINAZOIZUIA FAILI MLANGONI

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Tangu shule ya msingi tumefunzwa kwamba maandishi yasiyoakifishwa ni kama mboga isiyotiwa chumvi. Kiulizi kisipowekwa, maksi inapotea. Nukta pacha ikisahauliwa, kalamu nyekundu inapita. Basi inakuwaje mwanafunzi huyohuyo aliyefunzika aipe faili yake jina zuri, lenye alama zake zote mahali pake, kisha kompyuta imjibu kwamba jina hilo halikubaliki? Hilo ndilo jambo ninalonuia kulifafanua katika ukurasa huu.

Msomaji mpenzi, usidhani hili ni jambo la mzaha. Wengi wetu tunaotoka Kibera na Kawangware hatuna kipakatalishi nyumbani. Insha tunaiandika kwa simu ya mama au ya kaka jioni kazi zikiisha, tunainakili kwenye flashi ya kuazima, kisha tunakimbia saiba kuichapisha. Pale saiba kila dakika ina bei yake, na stima nayo hupotea bila kupiga hodi. Mwenye pesa za dakika ishirini akipoteza kumi na tano akibishana na jina la faili, atachapisha saa ngapi? Na kama karatasi hizo ni za basari ambayo mwisho wake ni leo saa kumi, je? Ndipo nasema kwamba elimu hii ndogo ina uzito wake.

ALAMA ZENYEWE NI ZIPI?

Kompyuta nyingi za saiba na za shule hutumia mfumo wa Windows. Mfumo huu umezipiga marufuku alama tisa katika jina la faili au la folda. Hizi hapa, pamoja na majina yake ya darasani:

1. Mkwaju: /
2. Mkwaju ulioegemea nyuma: \
3. Nukta pacha: :
4. Kinyota: *
5. Kiulizi: ?
6. Alama ya mtajo: "
7. Alama ya "ndogo kuliko": <
8. Alama ya "kubwa kuliko": >
9. Mstari wima: |

Flashi na memori kadi nazo, zile zilizoandaliwa kwa mpangilio uitwao FAT32 au exFAT, huzikataa alama hizohizo. Flashi nyingi tunazonunua madukani huja na mojawapo ya mipangilio hiyo miwili. Kwa hivyo hata kama kompyuta yako haina neno, flashi yenyewe inaweza kugoma.

Upande wa pili kuna Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, ambao pia ndio msingi wa simu za Android. Linux ni mpole. Katika alama zote tunazoziona kwenye kibodi, inakataza moja tu, nayo ni mkwaju. Kiulizi, kinyota na nukta pacha zote zinapita bila kuulizwa. Hapo ndipo fitina inapoanzia. Faili inayoishi raha mustarehe katika mfumo mmoja, ikivuka kwenda mwingine inaambiwa ibaki nje. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Faili yetu imekwenda na macho mawili.

KWA NINI ALAMA HIZI NA SI NYINGINE?

Kompyuta haina uhasama na uakifishaji. Sababu ni kwamba alama hizi zilikuwa zimekwisha kupewa kazi nyingine kabla sisi hatujazihitaji katika majina.

Tuanze na mkwaju. Mahali faili ilipo huandikwa kama vile tunavyoelekeza mtu nyumbani. Ukimwelekeza mgeni Kawangware utasema: Nairobi, kisha Dagoretti Kaskazini, kisha Gatina, kisha nyumba fulani. Kompyuta nayo huandika: Nairobi/Dagoretti Kaskazini/Gatina/nyumba. Kila mkwaju ni mlango. Ukiuona, unaingia ndani. Sasa mtu akiita faili "Kibera/Kibra", mashine haifahamu kwamba anataja mtaa na jina la eneo bunge lake. Inaelewa kwamba kuna folda iitwayo Kibera, na ndani yake kuna kitu kiitwacho Kibra. Inaenda kuitafuta folda hiyo, haiioni, inalalamika.

Windows ilirithi desturi zake kutoka mfumo wa zamani ulioitwa MS-DOS, uliotoka mwaka wa 1981. Katika MS-DOS mkwaju wa kawaida ulikuwa tayari unatumika kuongezea amri maelezo. Toleo la pili lilipokuja mwaka wa 1983 na kuleta folda ndani ya folda, ilibidi itafutwe alama nyingine ya mlango. Ndipo mkwaju ulioegemea nyuma ulipoajiriwa. Kwa hivyo Windows inakataa mikwaju yote miwili.

Nukta pacha nayo ilipewa kazi ya kutambulisha diski. Waliowahi kuona kompyuta za zamani watakumbuka A: ikiwa diski laini, na C: ikiwa diski ya ndani. Mpaka leo C: ingalipo.

Kinyota na kiulizi ni kama jokeri katika mchezo wa karata. Kinyota husimama mahali pa herufi zozote, ziwe nyingi au ziwe chache. Kiulizi husimama mahali pa herufi moja tu. Mtu akiandika INSHA?.DOC, anamaanisha INSHA1.DOC, INSHA2.DOC na ndugu zao wote. Akiandika *.DOC, anamaanisha kila faili inayoishia na DOC. Hebu fikiria faili moja ingekuwa imeitwa kinyota, kisha mtu aamuru "futa kinyota". Angekusudia kufuta moja, akafuta folda nzima! Marufuku hii basi ni kwa faida yetu.

Alama za "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko", pamoja na mstari wima, hutumika katika amri kuelekeza matokeo: kuyatoa kwenye programu na kuyatia kwenye faili, au kuyapitisha kutoka programu moja hadi nyingine. Alama za mtajo hulifunga jina lenye nafasi katikati, ili mashine ijue kwamba "insha yangu" ni jina moja wala si majina mawili.

Zaidi ya hayo, MS-DOS ilikubali jina la herufi nane tu, kisha nukta, kisha herufi tatu. MASHAIRI.DOC lingetosha barabara, maana mashairi lina herufi nane kamili. Lakini UAKIFISHAJI lisingeingia. Windows 95 ilipotoka mwaka wa 1995 majina marefu yaliruhusiwa, hadi herufi 255. Hata hivyo, kwa ajili ya programu kongwe, jina refu liliwekewa jina fupi la siri, na uakifishaji ukawa UAKIFI~1.DOC. Ukikutana na majina yaliyokatwa namna hiyo katika faili za zamani, usishangae.

MIFANO YA HAPA KWETU

Mfano wa kwanza unatoka katika ramani yetu wenyewe. Eneo bunge la Kibra lina wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Tuseme mwalimu wa Jiografia amewapa kazi ya kufungua folda moja kwa kila wadi. Laini Saba, Lindi na Makina zitapita bila taabu. Wengi watadhani Sarang'ombe itakwama kwa sababu ya ritifaa yake. La hasha! Ritifaa haimo katika orodha ya marufuku, na kwa hivyo ng'ombe, ng'ambo na Sarang'ombe wote wanaruhusiwa kuingia. Itakayokwama ni Woodley/Kenyatta Golf Course, kwa ajili ya mkwaju uliomo katika jina lake rasmi. Hapo huna budi kuandika "Woodley-Kenyatta Golf Course".

Kuhusu ritifaa, angalizo moja tu. Baadhi ya simu huweka ritifaa iliyopinda, ilhali kibodi ya kompyuta huweka iliyonyooka. Kwa jicho la binadamu ni moja. Kwa mashine ni mbili tofauti. Ukitafuta faili kwa kuandika ritifaa iliyonyooka, huenda kompyuta isikupatie ile iliyopinda. Tafuta kwa kutumia sehemu ya neno isiyo na ritifaa, kwa mfano "ombe".

Mfano wa pili ni wa mitihani. Karatasi zetu za Kiswahili za KCSE zinaitwa 102/1 ya Insha, 102/2 ya Lugha na 102/3 ya Fasihi. Wenzetu wa somo la Kompyuta wana 451/1, 451/2 na 451/3. Yaani mkwaju uko katika nambari yenyewe ya mtihani! Kila anayejaribu kuita faili yake ya marudio "102/1 Insha" atagonga mwamba. Nambari za usajili za shule nyingi nazo huandikwa kwa mkwaju, na tarehe tunaziandika 7/3/2025.

Mfano wa tatu ni wa historia. Kabla ya mwaka wa 2009, Kibera yenye watu wengi vile ilikuwa kama pengo jeupe katika ramani za mtandaoni. Mwaka huo mradi wa Map Kibera ulianza. Vijana wa mtaa wakatembea vichochoroni na vifaa vya GPS, wakaandika njia, vyoo, zahanati na shule, kisha wakazipakia habari hizo kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Kazi kama hiyo ni ya kuhamisha faili kutoka kifaa hadi kompyuta, na kutoka kompyuta hadi mtandaoni. Kila faili inahitaji jina linaloonyesha tarehe na kijiji. Jina likikwama njiani, kichochoro kimoja kinakosekana kwenye ramani.

DALILI ZA UGONJWA

Shida hii hujitokeza kwa sura nne.

Ya kwanza ni kukataliwa waziwazi. Sikiliza mazungumzo haya ya saiba:

"Dada, hii faili yako imegoma."

"Imegoma aje, kaka, na kwa simu inafunguka poa?"

"Ni jina. Kuna kiulizi hapa mwisho. Flashi haitaki."

Hii ndiyo sura yenye heri, maana angalau umeambiwa.

Ya pili ni kubadilishwa kimyakimya. Programu nyingi hazigombani nawe. Huitoa alama mbaya na kuweka kistari cha chini. Hati iliyo katika Google Docs inaweza kuitwa "102/1 Insha" bila shida, lakini ukiipakua, mkwaju unageuka. Unatafuta 102/1 na kumbe sasa inaitwa 102_1. Hatari zaidi ni pale majina mawili yanapogeuka kuwa moja. "Haki?" na "Haki:" zote zinakuwa "Haki_". Kompyuta inakuuliza kama uibadilishe ya zamani kwa mpya. Ukikubali kwa haraka, insha moja imekwenda na maji.

Ya tatu inafanana nayo, ingawa haihusu alama. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hivyo "Insha.docx" na "insha.docx" ni faili mbili. Windows na flashi zetu huziona kuwa moja. Wanachama wawili wakiwa wamekabidhi makala kwa majina hayo, kunakili kwa pupa kutammeza mmoja wao.

Ya nne ni mgeni asiyefukuzika. Diski ikiwa ya mpangilio wa NTFS, Linux inaweza kuandika ndani yake faili yenye kiulizi. Ukiirudisha kwenye Windows, jina unaliona lakini kufungua huwezi, kufuta huwezi, kubadilisha jina huwezi. Dawa yake ni hii: irudishe diski kwenye kompyuta ya Linux, ubadilishe jina huko ilikotoka.

MITEGO MINGINE MIDOGO

Kuna majina ambayo hayana alama yoyote mbaya na bado yana kisirani. Tangu enzi za MS-DOS, maneno CON, PRN, AUX na NUL, pamoja na COM1 hadi COM9 na LPT1 hadi LPT9, yalitengewa vifaa kama vile kibodi na mashine ya kuchapisha. Mwanafunzi anayefupisha "Kompyuta, sehemu ya kwanza" kuwa "com1" atashangaa folda yake ikikataliwa. Aandike "kompyuta1" na yataisha.

Vilevile jina lisiishie kwa nukta wala kwa nafasi tupu. "Kidato cha 3." lenye nukta mwishoni halitakaa vizuri katika Windows. Tena usiifute ile sehemu ya mwisho kama .docx au .pdf unapobadilisha jina, kwa maana ndiyo inayoiambia kompyuta faili ifunguliwe na programu gani.

Na jina lisiwe refu kama risala ya mgeni rasmi. Programu nyingi za Windows huhesabu jina la faili pamoja na majina ya folda zote zilizoizunguka, na zikifika herufi 260 hivi zinachoka.

DAWA

Kinga ni bora kuliko tiba. Nimeyakusanya mashauri haya ili wanachama wayashike.

Kwanza, badilisha jina katika kifaa cha asili kabla ya kunakili. Simu karibu zote zina programu ya faili. Bonyeza faili, ishikilie, chagua kubadilisha jina. Kazi hii ifanyie nyumbani, usingoje dakika za kulipia.

Pili, jifunze kubadilishana alama. Mkwaju uwe kistari: 102-1. Nukta pacha ya kichwa iwe kistari vilevile. Saa 10:30 iandikwe 1030. Kiulizi, kinyota na alama za mtajo ziachwe kabisa.

Tatu, tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-07. Huu ndio mtindo wa kimataifa uitwao ISO 8601. Faida yake ni mbili. Mkwaju hauna nafasi humo, na faili hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa siku. Ukianza na siku, tarehe 7 Machi na 7 Agosti zitakaa pamoja kama mapacha, na mambo ya Machi yatatawanyika.

Nne, uakifishaji wako usiutupe. Jina la faili ni kibandiko cha nje tu. Ndani ya hati, kichwa cha insha kibaki kamili: "Nani Alaumiwe: Mzazi au Mtoto?" Nje andika "insha-nani-alaumiwe". Mwalimu atasahihisha cha ndani.

Tano, usitegemee kufungasha faili zote katika zipu moja ukidhani umepona. Zipu hubeba majina vilevile yalivyo. Itapita mlangoni kwa utulivu, lakini siku ya kuifungua kwenye Windows yale majina mabaya yatakwama au yatageuzwa.

Sita, na hili ni kubwa kuliko yote, usifute chochote kwenye simu kabla ya kuhesabu. Unaponakili faili arobaini, moja yenye jina baya inaweza kusimamisha msafara wote, zikafika kumi na mbili tu. Hesabu zilizotoka, hesabu zilizofika, zilinganishe, fungua mbili tatu uone kama zinasomeka. Ndipo uifungue nafasi katika simu ya watu.

TAMATI

Ndugu msomaji, si hoja kuona kwamba kompyuta inaonea Kiswahili, kwa maana Mwingereza na Mfaransa nao wanakatazwa alama hizohizo. Ni desturi ya kale tu, iliyoanzia siku za diski laini, na ambayo mashine za leo zinaendelea kuitii ili zisigombane na za jana. Tunachoweza kufanya ni kuijua.

Kwa wale watakaokabidhi makala ya toleo lijalo, jina la faili liwe na mwaka, kidato na neno moja au mawili ya kichwa, hivi: 2026-kidato3-methali.docx. Mwenye simu peke yake na mwenye kipakatalishi wote wataingia kwa mlango mmoja, na hakuna kazi ya mtu itakayopotea njiani. Jina jema hung'ara gizani. Na jina la faili lisilo na mkwaju wala kiulizi hung'ara hata kwenye flashi ya kuazima.